Akiba Haiozi: Habari za Dhahabu Mikononi mwa Mwenye Kipato Kidogo



Umoja wetu wa vyama vya akiba na mikopo umetimiza miaka 10, na kamati imetutaka tuandike katika kijitabu hiki cha ukumbusho habari moja ya kale yenye faida kwa watu wa sasa. Tumechagua habari za dhahabu. Sababu yake yajulikana na kila aliyehudhuria mikutano yetu ya karibuni. Mwezi Machi mwaka 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31.1, ilivuka dola 3,000 katika masoko ya dunia. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo ikavuka dola 4,000. Tangu hapo wanachama wa Kurasini, Keko, Mtoni na Chang'ombe wametuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: je, si afadhali tutoe amana zetu chamani tukanunue dhahabu?

Swali hili ni zito. Amana anayoitoa mwanachama mmoja ndiyo mkopo alioutumaini mwenziwe wa kulipia ada ya mtoto au kuongeza mtaji wa genge. Wakitoa wengi kwa wakati mmoja, chama husimama. Hata hivyo haitupasi kumjibu mwanachama kwa kumkataza tu, maana dhahabu ilikuwa akiba ya bibi zetu kabla ya chama chochote cha ushirika kuandikishwa katika nchi hii, na mara nyingi iliwafaa. Yafaa basi tuyatazame yaliyopita, tujue iliwafaa wakati gani na kwa sababu gani, na ni akina nani iliowaponyoka.

DHAHABU YA KILWA

Barabara ya Kilwa, ambayo wengi wetu twaipita kila siku kwenda kazini, imechukua jina la mji uliotajirika kwa dhahabu. Kilwa yenyewe haikuchimba dhahabu hata kidogo. Madini yalitoka bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe, yakateremshwa hadi bandari ya Sofala, na kutoka huko yakapakiwa majahazini kuja kaskazini. Wafanyabiashara wa Kilwa walipoishika njia hiyo, mji wao ukawa mkubwa kuliko yote ya pwani. Msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyeitwa Abul-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, na ambaye magofu ya jumba lake la Husuni Kubwa yangaliko hata leo.

Lakini tuangalie jambo moja. Sarafu za Kilwa zilizookotwa kwa maelfu ni za shaba. Za dhahabu zenye jina la Sultani huyo zilizopata kujulikana ni chache mno, zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hii yatuonyesha kwamba dhahabu ilipita mjini kama maji yapitayo mferejini: ilijaza hazina za wakubwa na majahazi ya wageni, na mtu wa sokoni akanunua mtama wake kwa shaba. Mwaka 1505 jeshi la Wareno chini ya Francisco d'Almeida likaushambulia mji na kuupora.

Iko habari nyingine kama hiyo, ya kisiwa cha Pemba. Mwaka 1984, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, watafiti waligundua sarafu zaidi ya 2,000 za madini ya fedha pamoja na chache za dhahabu, zilizofukiwa ardhini yapata miaka 900 na zaidi iliyopita. Mwenyewe alizificha akiamini atazirudia, wala hakuzirudia. Wahenga walisema akiba haiozi, na kweli akiba ile haikuoza. Ila haikumfaa aliyeiweka, wala mkewe, wala watoto wake, kwa kuwa siri yake ilikuwa ya mtu mmoja.

MADINI YA FEDHA YALIPOSHUKA

Wako wanachama wanaodhani kwamba kila madini ya thamani hupanda siku zote. Hao yafaa wasikie habari za karne ya 19.

Katika karne hiyo sarafu kubwa ya pwani yetu ilikuwa reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ambayo hata ilipotengenezwa miaka mingi baada ya kifo chake iliandikwa mwaka 1780. Ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi, na sehemu tano katika kila sita zilikuwa madini ya fedha halisi. Baadaye rupia ya Bara Hindi ikaenea, nayo ni ya madini hayo hayo. Kina mama walivaa mitali na vikuku vya fedha, na mwenye reale kumi ndani ya mkoba alijihesabu kuwa mtu mwenye akiba.

Ndipo mwaka 1873 Ujerumani ikaacha kutumia fedha kuwa msingi wa sarafu yake, ikashika dhahabu. Nchi nyingine za Ulaya zikaifuata, na wakati huo huo migodi ya Marekani ilikuwa ikitoa fedha kwa wingi. Rupia, ambayo hapo awali ilibadilishwa kwa karibu shilingi 2 za Kiingereza, ikaenda ikishuka mwaka hata mwaka, hata kufika katikati ya miaka ya 1890 ilikuwa karibu shilingi 1 na peni 1. Mtu wa Unguja au wa Dar es Salaam hakufanya kosa lolote. Mitali ya mkewe ilikuwa na uzito ule ule na kung'aa kule kule. Thamani yake ilipunguzwa na maamuzi ya watu asiowajua, katika miji asiyopata kuiona. Hiyo ndiyo hatari ya kwanza ya madini yoyote ya thamani: mizani i mkononi mwako, lakini bei haimo mkononi mwako.

SARAFU YA TABORA

Hatari ya noti nayo ni kubwa, wala hatuifichi. Wakati wa utawala wa Wajerumani nchi hii ilitumia rupia yao, ambayo kuanzia mwaka 1904 iligawanywa katika heller 100. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, manowari za Waingereza zikaifunga pwani, na sarafu mpya hazikuweza kuingia. Serikali ikaamua kuchapa noti papa hapa nchini. Kuanzia mwaka 1915 noti hizo za muda zikatolewa kwa wingi, na karatasi yake ikazidi kuwa duni kadiri vita vilivyoendelea. Watu wakauza mazao na mifugo yao wakapewa karatasi.

Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, serikali hiyo ilitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, katika nchi ya Iramba. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000, kila moja yapata gramu 7.2, na sehemu tatu katika nne zilikuwa dhahabu safi. Mwezi Septemba mwaka huo huo Tabora ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji.

Serikali iliyotoa noti ilipoondoka, noti zilibaki karatasi. Sarafu ya tembo ilibaki dhahabu, na leo wakusanyaji wa sarafu huinunua kwa bei ipitayo sana uzito wake. Hapa mwenye kuisifu dhahabu ana hoja ya kweli, nasi twaikubali. Lakini na tuulize: ni wakulima wangapi, ni makuli wangapi wa gatini, walioweza kushika rupia 15 kwa mara moja? Walioumizwa na noti ni wengi. Waliookolewa na dhahabu ni wachache.

Baada ya vita ilikuja Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919. Ikaleta florini mwaka 1920, kisha shilingi mwaka 1921. Shilingi ile ya kwanza, yenye picha ya simba, ilikuwa na robo ya madini ya fedha ndani yake. Ilipofika mwaka 1948 ikatengenezwa kwa shaba na nikeli tu. Madini ya fedha yakaondoka ndani ya shilingi, na jina lake halikubadilika.

SHILINGI NA BANGILI

Nchi yetu haikuwa maskini wa dhahabu. Katika Lupa, upande wa Chunya, iligunduliwa mwaka 1922, na miaka ya 1930 wachimbaji walimiminika huko; Geita nako mgodi ukafunguliwa katika miaka hiyo hiyo. Jambo lililoongeza hamu yao ni uamuzi wa Marekani wa mwaka 1934, ambao uliipandisha wakia kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Bei hiyo ya dola 35 ikawa ndiyo msingi wa fedha za dunia hata mwezi Agosti mwaka 1971, Rais Nixon alipoacha kubadilisha dola kwa dhahabu.

Sasa tufanye hesabu ya nyumbani. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na shilingi yetu mpya ikawa 7.14 kwa dola moja. Basi wakia ya dhahabu kwa bei ya dunia ilikuwa sawa na shilingi 250, na gramu moja shilingi 8 hivi. Mwezi Januari mwaka 1980 wakia ilifika kilele cha dola 850. Kwa shilingi ya wakati huo, yapata 7,000. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa kutoka karibu 17 hadi 40 kwa dola, nao mfumuko wa bei wa miaka ile ulizunguka asilimia 30 kwa mwaka. Mwaka 1999 dhahabu ilianguka chini ya dola 260. Lakini kwa kuwa dola ilikwisha kupita shilingi 700, wakia ile ile ilikuwa na thamani ya shilingi 190,000 hivi. Mwezi Oktoba mwaka 2025, kwa bei ya dola 4,000, ilipita shilingi milioni 9.

Mwenye kusikia tarakimu hizi upesi upesi atasema dhahabu haijapata kumtupa mtu. Asikilize tena polepole. Bibi aliyenunua bangili mwaka 1966 alipata faida ya kweli. Lakini aliyenunua mwaka 1980, siku ya kilele, aliona wakia yake ikipanda kwa shilingi mara 27 tu hadi mwaka 1999. Na bei za vitu? Kitu cha shilingi 10 kikipanda asilimia 30 kila mwaka, baada ya miaka 10 hugharimu karibu shilingi 138. Na sisi tulivumilia kupanda huko kwa zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo bangili ya mwaka 1980, ilipouzwa mwaka 1999, ilileta noti nyingi na unga mchache kuliko siku iliponunuliwa. Aliyeweka noti tupu kabatini alipoteza zaidi yake, hapana shaka. Lakini aliyenunua kiwanja Mtoni au cherehani mbili za kushonea aliwapita wote wawili.

Kwa nini basi kina mama wa pwani waliipenda? Kwa sababu walijua kazi yake. Kidani na bangili zilizotolewa katika mahari zilikuwa mali ya mke mwenyewe, wala deni la mume halikuzigusa. Zilibebeka. Ziliweza kuwekwa rehani asubuhi mgonjwa akapelekwa hospitali mchana. Walinunua kidogo kidogo, baada ya mavuno au baada ya kupokea upatu, na hawakungoja siku ambayo mji mzima unazungumza habari za dhahabu. Miongoni mwa waanzilishi wa vyama vyetu wako waliouza pete au hereni ili kulipia hisa zao za kwanza. Dhahabu ya bibi ndiyo iliyozaa hisa ya mjukuu, nasi twaitaja kwa heshima katika sherehe hii.

YANAYOMPATA MNUNUZI MDOGO

Sasa tuje dukani. Dhahabu safi huitwa ya karati 24. Ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu katika 24. Ya karati 18 ina robo tatu. Ya karati 9 haifiki hata nusu. Mkufu wa gramu 10 wa karati 18 una dhahabu safi gramu 7.5 tu. Sonara huuza kwa bei ya dhahabu pamoja na ujira wa ufundi na faida ya duka. Siku ya kununua kwako hukupimia uzito na karati, na ufundi ule hauhesabiwi. Kwa hiyo mnunuzi wa pambo huanza safari yake akiwa nyuma, na lazima bei ipande kwanza ndipo arudishe alichotoa. Pambo ni zuri kwa harusi. Kwa akiba, chagua lisilo na nakshi nyingi, lenye karati ya juu, na risiti iliyoandikwa uzito na karati.

Liko jambo la pili, la sheria. Dhahabu ghafi, iwe vumbi au vipande kutoka machimboni, haiuzwi wala hainunuliwi na mtu asiye na leseni. Kwa ajili hiyo yalifunguliwa masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita mwezi Machi mwaka 2019, ambako mchimbaji mdogo hupimiwa na kulipwa mbele ya maofisa. Hata Benki Kuu, ambayo tangu mwezi Oktoba mwaka 2024 hutengewa sehemu ya asilimia 20 ya dhahabu ya wachimbaji na wafanyabiashara wakubwa, hununua iliyosafishwa na kupimwa. Ikiwa Benki Kuu hainunui gizani, sisi tutanunuaje?

Na hili ndilo lililotuuma hapa kwetu. Katika miaka ya 2010 Serikali ilipotwaa nyumba na viwanja vya Kurasini kwa ajili ya kituo cha biashara karibu na bandari, wenyeji walilipwa fidia. Wengi walijenga upya Mbagala, Toangoma na Kigamboni. Lakini fedha nyingi zikiingia mtaani kwa mara moja huvuta wezi kama sukari ivutavyo siafu. Walikuja watu wenye suti na mikoba, wakinong'ona habari za dhahabu ya Kongo iliyokwama forodhani, inayouzwa nusu ya bei kwa mwenye kutoa taslimu leo. Huonyeshwa kipande kidogo cha kweli, kikapimwa mbele ya mnunuzi. Sanduku lililofungwa likaja kufunguliwa nyumbani, kumbe ni shaba iliyong'arishwa. Utapeli wa namna hii umewapata watu Nairobi na Kampala pia, wengine matajiri na wasomi. Aliyetapeliwa huona haya kushtaki, maana yeye mwenyewe alikuwa akinunua kinyume cha sheria, na ukimya wake ndio mtaji wa mwizi.

Mwenye dhahabu halisi ambaye neno "nusu bei" li mdomoni mwake hayupo. Soko liko wazi, na bei hutangazwa kila siku.

SHAURI LETU

Twajua mtu atatujibu: mbona na ushirika nao ulipata kuanguka? Ni kweli. Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 ukaandikishwa Umoja wa Wakulima wa Kahawa wa Kilimanjaro, ambao ulikuwa fahari ya Afrika nzima. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa kwa amri, bila ya wanachama kuulizwa, na havikurudishwa hata sheria ya mwaka 1982. Mwenye kukumbuka hayo ana haki ya kuogopa. Hatuwezi kumwambia mwanachama aweke kila alicho nacho chamani, kama tusivyoweza kumwambia akiweke chote katika bangili.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Amana ya dharura, itoshayo gharama za nyumba kwa miezi michache, ibaki chamani au benki, ambako hutolewa bila ya kuuza kitu kwa hasara. Hisa zibaki chamani, kwa maana hisa zinafanya kazi: zinakopeshwa, zinarudi na faida, zinajenga banda la kuku na kununua bodaboda. Dhahabu haizai. Gramu 10 zikifungiwa sandukuni miaka 10 hutoka gramu 10. Basi atakayetaka dhahabu anunue kwa ziada yake, kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa sonara mwenye leseni, wala asikope hata senti moja kwa ajili hiyo. Na akiisha kununua, amwambie mtu mmoja amwaminiye mahali ilipo, yasije yakawa kama ya Mtambwe Mkuu.

Kwa wenye kamati za vyama vyetu tuna neno moja la ziada. Watu hukimbilia dhahabu wanapoona hesabu za chama haziwafikii. Ikiwa mizani ya sonara iko juu ya meza, kila mtu akiiona, vitabu vyetu navyo viwe juu ya meza. Tumeagiza kwamba kila chama kisome mapato na matumizi yake mbele ya wanachama mara nne kwa mwaka, na kwamba mwanachama yeyote apewe taarifa ya amana yake siku aitakapo. Tukifanya hivyo, swali la kutoa amana litajibiwa na wanachama wenyewe, wakiwa wamelipima.



Katibu wa Umoja,
Kurasini, Dar es Salaam